Kutoka Jini hadi Mashine: Hekaya Kongwe, Bunilizi za Kisayansi na Msomaji Kijana wa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Tumekutana Chumbageni, katika mji wa Tanga. Kusini ya mji huu, huko Vibambani, Machui, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Ni mahali panapofaa kuuliza swali ambalo wahakiki wetu wamekuwa wakilipitia kando: je, hekaya kongwe inaweza kusimuliwa upya kwa Kiswahili kama bunilizi ya kisayansi, ikamfaa kijana wa shule ya sekondari, bila kuonekana vazi la kuazima?

Swali hili lina uzito. Kijana wa leo hukutana na vyombo vya angani na mashine zenye akili katika filamu na vitabu vya lugha za kigeni. Kiswahili anakipokea darasani kama lugha ya ngano za mazimwi na sungura, ambazo ameambiwa ni za watoto wadogo. Kwa hiyo huweza kufikia umri wa kufikiri juu ya kesho akiamini kwamba lugha yake ni ya jana tu. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa kihistoria, kwamba imani hiyo haina msingi. Waswahili wamekuwa wakizisimulia upya hekaya za ulimwengu kwa muda mrefu, na katika kufanya hivyo wamebadili mambo mawili: chombo cha ajabu na hukumu ya kisa.

2.0 Paa wa Unguja na Paka wa Ufaransa

Tuanze na mkusanyo wa ngano za Unguja uliochapishwa London na Edward Steere mwaka 1870. Ndani yake mna kisa cha Sultan Darai. Maskini mmoja anayechakura jaani anaokota kijisarafu, anamnunua paa, naye paa huyo anazungumza. Kwa werevu wake paa anamposea bwana wake binti wa Sultani, kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana huyo jumba la kifahari.

Wanaojua fasihi ya Ulaya watautambua mara moja mfanano wa kisa hiki na kile cha paka mwenye buti, alichokichapisha Charles Perrault nchini Ufaransa mwaka 1697. Hata hivyo miisho yake imeachana kabisa. Paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa, na kila mtu anafurahi. Paa wa Unguja anaugua, na yule aliyetajirishwa naye anaamuru apewe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Mtu yule analala katika jumba lake na kuamka jaani, akichakura kama zamani.

Katika kisa hiki muujiza hauhesabiwi kuwa zawadi. Umehesabiwa kuwa deni, na asiyelipa hunyang'anywa.

3.0 Farasi wa Mpingo

Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuchapishwa tafsiri ya Kiswahili ya Alfu Lela Ulela, iliyofanywa na Edwin W. Brenn na kuhaririwa na Frederick Johnson. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930.

Miongoni mwa hekaya mashuhuri za Alfu Lela Ulela kimo kisa cha farasi wa mpingo anayeruka angani. Farasi huyo habebwi na jini. Ametengenezwa na fundi, na ana vigingi viwili, kimoja cha kupandia na kingine cha kushukia. Mwana wa mfalme anaponea chupuchupu kwa sababu amefundishwa kigingi cha kwanza tu, na inambidi akitafute cha pili kwa mikono yake akiwa juu ya mawingu. Hapo ajabu ina kanuni, kanuni inaweza kuchunguzwa, na mwenye kuijua nusu yumo hatarini. Sidhani kama mwandishi wa bunilizi za kisayansi anahitaji msingi mwingine zaidi ya huo.

4.0 Shaaban Robert: Kubadili Hukumu

Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1952, imejengwa juu ya hekaya ya Alfu Lela Ulela inayomhusu Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa na jini. Hekaya hiyo inaanza na jambo la kiofisi kabisa: kodi ya Basra imechelewa kufika, na Khalifa Harun Rashid anatuma mjumbe. Si ajabu kwamba karani aliyefanya kazi miaka mingi katika Idara ya Forodha alivutiwa na kisa chenye mwanzo wa namna hiyo.

Shaaban Robert hakutafsiri. Baghdad imekuwa Ughaibu, Basra imekuwa Janibu, na wahusika wamepewa majina ya tabia: Adili, Hasidi, Mwivu. Mbwa wamekuwa manyani. Badiliko hili la mwisho si dogo. Nyani ana uso na mikono inayomkumbusha mtazamaji binadamu, na hivyo kila kiboko anachopigwa usiku kinamfikia msomaji.

Lakini badiliko kubwa limo katika hukumu. Katika hekaya ya asili, ndugu wanaorejeshewa umbo lao wanarudia uovu, wanajaribu kumuua ndugu yao, nao wananyongwa. Kwa Shaaban Robert wanatubu na kusamehewa. Swali limehama: hekaya ya kale iliuliza iwapo mwovu ataadhibiwa, riwaya ya Tanga inauliza iwapo mwovu anaweza kuwa mtu tena.

Mwaka mmoja kabla yake, 1951, ilichapishwa Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Tukumbuke kwamba chombo cha kwanza kutengenezwa na binadamu na kuzungushwa nje ya dunia kilirushwa na Urusi ya Kisovieti mwaka 1957.

5.0 Mashine Inaingia

Katama Mkangi wa Kenya aliichukua njia hiyo katika Walenisi, mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa na kutiwa katika chombo cha angani ili aangamie. Chombo hicho kinamfikisha katika nchi yenye haki, ambayo jina lake linajifumbua lenyewe: wale ni sisi. Kyallo Wamitila naye, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, alimchukua Peter Pan wa hadithi za watoto wa Uingereza na kumfanya sura ya nguvu zinazoitawala dunia.

Nje ya Afrika Mashariki, mwandishi wa Marekani Marissa Meyer alichapisha Cinder mwaka 2012, riwaya ya vijana inayomsimulia upya Cinderella. Msichana huyo ni fundi mitambo, nusu mtu nusu mashine, na badala ya kiatu anaacha mguu wa chuma ngazini. Wengi husifu uvumbuzi wa mguu huo. Mimi naona nguvu ya kitabu iko kwingine: kwa sheria za nchi yake, msichana huyo ni mali ya mama yake wa kambo. Hapa pia chombo kimebadilika, na swali la haki limenolewa upya.

6.0 Hitimisho

Kutokana na ushahidi huu, napendekeza kipimo kimoja kwa wanafunzi watakaoandika au kuhakiki kazi za namna hii. Tusiulize tu jini amebadilishwa kwa mashine gani. Tuulize pia deni la kisa limekwenda wapi.

Tuchukue paa wa Sultan Darai. Mwandishi kijana anaweza kumfanya mashine yenye akili, iliyookotwa jaani na kuundwa upya, inayompatia bwana wake elimu, mali na mchumba. Akimalizia kwa harusi, atakuwa amemrudia Perrault na kumtia umeme. Akimalizia pale mashine inapoharibika na kuomba hifadhi kwa yule iliyemtajirisha, atakuwa ameuliza swali ambalo kizazi chake hakitalikwepa: mtu anawajibika nini kwa kitu kinachomtumikia, na kwa wale waliokitengeneza?

Swali hilo lina maneno yake tayari katika Kiswahili: deni, fadhila, jaa. Kinachosubiriwa ni waandishi watakaoyaweka maneno hayo karibu na istilahi za sayansi, katika sentensi moja, mbele ya msomaji wa miaka 15.