Mto Umevimbiwa, Haukurutubishwa

Warsha moja ya istilahi ilituletea "urutubishaji wa maji" kwa maana ya yutrofikesheni, na wajumbe wakaupigia makofi. Nilipopendekeza "uvimbiwaji", nilijibiwa kwa upole wa kuudhi kwamba hilo ni neno la tumbo. Na liwe la tumbo!

Ashuke anayebisha hadi Mto Ngong, pale mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Mazizi ya nguruwe yamebanwa katikati ya nyumba za mabati. Mvua ikinyesha, mtaro unasomba samadi hadi mtoni, pamoja na maji ya vyooni. Naitrojeni na fosforasi zikizidi, mwani na magugu hushamiri. Yakifa, bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni. Juu ya mto huohuo, Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953, ambamo mashua za tanga zilikuwa zikishindana, limevamiwa na gugumaji hata mgeni hudhani ni uwanja. Mwambie mkazi wa Njenga kwamba maji hayo "yamerutubishwa", atakuuliza apande sukuma upande gani.

Rutuba tuliipokea kutoka Kiarabu, ambako ni unyevu tu. Waswahili wakaipeleka kwenye udongo mzuri, walimu wa baiolojia wakaivuta hadi kwenye yai, na sasa wajumbe wanairudisha majini. Maji yatiwe unyevu! Watetezi wao hukimbilia Kigiriki: eu ni vizuri, trophe ni lishe. Sawa, ila Mjerumani Weber, aliyeandika kwa msamiati huo mwaka 1907, alikuwa akizungumzia ardhi ya mboji iliyolowa. Maziwa yalifuata baadaye. Ikiwa wao walihamisha maana, sisi tumefungwa na nani?

Tazama umbo la kitenzi. Vimba, vimbia, vimbiwa: kama fiwa, kinamtaja aliyefikwa na jambo. Tena ubaya umo ndani yake, kwani hakuna anayevimbiwa kwa shibe ya kiasi. Chakula ni kilekile kilichomlisha jana, leo kimepita kipimo. Samadi nayo ni hiyohiyo inayosifiwa shambani. Sijaona neno jingine linalobeba lishe na madhara kwa pamoja bila kuhitaji kivumishi cha kulitegemeza.

Matumizi ni mepesi: mto umevimbiwa na samadi, uvimbiwaji wa bwawa. Wenye "yutrofikesheni" yao wabaki nayo, mradi wakaitamke mbele ya mfuga nguruwe.