Fedha za Serikali na Unga wa Lubumbashi

Kila siku twala bukari, lakini ni wachache wanaouliza unga huo ulilipwa na nani kabla haujafika sokoni. Habari hii ni ya zamani kama mji wenyewe.

Mwaka 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, ikawa koloni la Ubelgiji. Miaka miwili baadaye, 1910, reli kutoka Rhodesia ilifika hapa, na mji wa Elisabethville ukaanza kujengwa. (Jina la Lubumbashi ulilipewa mwaka 1966.) Kwa reli hiyo waliingia Waingereza wengi, na kwa reli hiyo ukaingia unga wa kuwalisha watu wa migodi ya Union Minière. Wabelgiji wakaogopa: Je, Katanga haitakuwa nchi ya Waingereza kwa njia ya tumbo?

Basi Bwana Edmond Leplae, mkubwa wa kilimo katika wizara ya makoloni, akatoa shauri. Wakulima waletwe kutoka Ubelgiji, wapewe mashamba karibu na mji, na serikali iwasaidie kwa fedha. Wakaja. Lakini udongo mwekundu wa Katanga si udongo wa Flandria. Mvua hukatika mwezi wa tano, haionekani tena mpaka mwezi wa kumi. Mbung'o waliua ng'ombe, homa ikawashika watu, nao unga wa Rhodesia ulikuwa rahisi kuliko wao. Wengi waliacha majembe, wakatafuta kazi nyingine. Fedha za serikali zilikwisha liwa, na mahindi hayakuonekana.

Tena tazameni jambo hili. Mwaka 1917 serikali ile ile, kwa shauri la Leplae yule yule, iliweka sheria ya kilimo cha lazima. Mwanakijiji mweusi hakupewa nauli wala mkopo, alipewa amri. Alime pamba, mpunga au mihogo, kadiri wakubwa walivyotaka, mpaka siku 60 kwa mwaka, na asiyelima alipata faini au kifungo. Mgeni alibembelezwa kwa franka, mwenyeji alisukumwa kwa sheria. Msomaji anayeijua Injili juu ya mfanyakazi na ujira wake ataona mwenyewe kosa lilikuwa wapi. Wengine husema ulikuwa ukali wa kumfundisha mtu kazi. Mimi siamini, babu zetu walilima mtama kabla Leplae hajazaliwa.

Baada ya uhuru wa 1960 mji uliendelea kukua, na magunia yaliendelea kutoka kusini. Gavana Moïse Katumbi, aliyetawala Katanga tangu 2007 hata 2015, aliyaagiza makampuni ya migodi yalime hektari 500 za mahindi kila moja. Hapo mzigo wa kilimo uliwekwa juu ya wenye shaba, si juu ya mwanakijiji.

Huko ng'ambo, Zambia, serikali ilikuwa ikiwapa wakulima wadogo mbolea na mbegu kwa bei ya chini, ikanunua na mazao yao. Kwa hiyo mahindi yaliyopita Kasumbalesa na kuingia katika sufuria zetu yalikuwa na fedha za Wazambia ndani yake. Mwaka 2016 Zambia ilizuia mahindi yake yasiuzwe nje. Haikupita miezi mingi, bei ya mfuko wa unga ikapanda Lubumbashi, na akina mama wakapunguza kipimo cha bukari.