Madaftari ya Ardhi ya Jinja na Historia ya Kupitia Funguo kwa Mfululizo

Kila hati ya ardhi iliyosajiliwa Uganda ina ufunguo wake: nambari, au kundi la nambari, inayomwezesha karani kuifikia bila kufungua hati nyingine yoyote. Kuifikia hati moja ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kupitia hati nyingi zinazofuatana, kwa mfano ploti zote za barabara moja, au hati zote zilizoletwa masijala kati ya tarehe mbili. Hifadhidata za leo zinazotunza jozi za ufunguo na thamani zinakabiliwa na kazi hiyohiyo, na kanuni haijabadilika tangu enzi za wino: mpangilio wa funguo ndio unaoamua swali lipi litajibiwa kwa hatua chache na lipi litamlazimu mtu kusoma ghala zima.

Katika ufalme wa Buganda mpangilio ulifuata ardhi yenyewe. Mkataba wa Buganda na Uingereza wa tarehe 10 Machi 1900 uliwatengea machifu na wenye ardhi wengine wapatao 1,000 eneo la maili za mraba 8,000, na ardhi hiyo, iitwayo mailo, ikaja kutambulishwa kwa kaunti, kisha bloku, kisha ploti. Ufunguo wa namna hii huanza na kikubwa na kuishia na kidogo. Anayetaka kujua yaliyomo katika bloku moja ya kaunti ya Kyadondo huanzia ploti ya kwanza, husonga mbele mpaka bloku iishe, kisha husimama. Hahitaji kugusa kaunti nyingine.

Busoga, eneo jirani upande wa mashariki, haikupewa mailo, ingawa machifu wake waliidai. Jinja, iliyofanywa makao ya utawala wa Busoga mwaka 1901, ilijengwa juu ya ardhi ya Taji la Uingereza, na wafanyabiashara wa mjini, wengi wao wenye asili ya India, walishika viwanja kwa ukodishaji wa muda maalumu. Sheria ya Usajili wa Hati ya 1922, iliyoanza kutumika 1924, iliweka mfumo uliobuniwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858. Katika mfumo huo hati hukaa katika juzuu yenye nambari, na ndani ya juzuu hupewa folio yake. Juzuu za ukodishaji zilijazwa kadiri hati zilivyotolewa, si kadiri viwanja vilivyopakana. Kwa hiyo maduka mawili yanayogusana ukuta katika Main Street yangeweza kukaa katika juzuu zilizoachana kwa miaka mingi. Ufunguo wa juzuu na folio ulimfaa sana mtu aliyekuja na hati mkononi. Aliyetaka kuupitia mtaa mzima haukumsaidia kitu. Ilimbidi arudi kwenye ramani ya wapima ardhi, achukue nambari za ploti moja baada ya nyingine, na kwa kila moja atafute juzuu yake.

Ufunguo wa tatu ulifuata wakati. Kila waraka wa uhamisho, rehani au zuio ulipewa nambari kwa zamu ya kupokewa, kwa sababu sheria inaipa nguvu haki iliyotangulia kusajiliwa, si iliyotangulia kuandikwa. Mfuatano huu ndio unaomlinda mnunuzi. Atakayefuata nambari hizo kwa mpangilio ataona lipi lilitangulia lipi, na hakuna anayeweza kuupenyeza waraka wa leo kati ya nyaraka za jana bila pengo au mrundikano kuonekana.

Funguo za mjini zilikuwa na tabia moja inayostahili kutazamwa kwa makini. Viwanja vilipounganishwa, nambari zao hazikufutwa. Ziliandikwa kwa kistari, ploti ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo ufunguo mmoja ukawa wenyewe ni masafa, na karani aliyetafuta nambari iliyoko katikati hakuiona isipokuwa alijua kuangalia nambari inayotangulia. Katika bloku za mailo mambo yalikwenda kinyume. Ploti ilipokatwa vipande, nambari ya zamani ilifungwa na vipande vikapewa nambari zilizofuata ile ya mwisho katika bloku. Matokeo yake, ndugu wa damu waliogawana shamba la baba wangeweza kuwa na nambari zinazokaribiana, na jirani yao wa ng'ambo ya mpaka awe na nambari ya mbali kabisa. Ukaribu wa funguo haukuwa tena ukaribu wa mipaka.

Hati iliyofutwa nayo haikuondolewa. Ilipigwa muhuri wa kufutwa ikabaki mahali pake, na kila aliyefunua juzuu alilazimika kuiona na kuiruka. Hifadhidata kama LevelDB, iliyotolewa na Google mwaka 2011, hufanya vivyo hivyo: ufunguo ukifutwa, huandikwa alama ya kufutwa, na kiashiria kinachopitia mfululizo hukutana nayo na kuiruka, hadi usafishaji utakapofanyika. Alama zikirundikana mahali pamoja, safari fupi huwa ndefu.

Msingi wa kihesabu wa kazi ya kupitia funguo kwa mfululizo uliwekwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972. Mti wao, uitwao mti-B, hutunza funguo zikiwa zimepangwa hata zikiongezwa na kufutwa kila saa, hivyo kompyuta huruka moja kwa moja hadi mwanzo wa masafa kisha hutembea. Kwa desturi masafa huhesabu mwanzo wake na kuacha mwisho wake nje, ili masafa mawili yanayopakana yasihesabu kitu kimoja mara mbili. Mtego mkubwa kwa masijala ni kwamba kompyuta hulinganisha maandishi herufi kwa herufi: nambari zikihifadhiwa kama maandishi, ploti ya 10 hutangulia ploti ya 2. Dawa yake ni kuongeza sufuri mbele, ili nambari zote ziwe na urefu mmoja.

Haja ya kupitia madaftari kwa njia isiyotarajiwa ilijitokeza kwa uchungu baada ya Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Mali zao ziliwekwa chini ya bodi ya mlinzi wa mali za Waasia walioondoka, na Jinja ilikuwa miongoni mwa miji iliyoguswa zaidi. Swali sasa halikuwa ploti hii ni ya nani, bali ni zipi zote zilizokuwa za watu fulani. Jina la mmiliki lilikuwa ndani ya thamani, yaani maandishi ya hati yenyewe, si katika ufunguo. Bila faharasa ya majina iliyo kamili, swali kama hilo hujibiwa kwa kufunua kila folio. Sheria ya 1982 ya kurejesha mali hizo iliwakuta warithi na makarani wakipambana na ugumu huohuo.

Kuanzia mwaka 2010 Wizara ya Ardhi, kwa fedha za Benki ya Dunia na utaalamu wa kampuni ya Ufaransa IGN FI, ilianza kuhamishia hati kwenye mfumo wa kompyuta. Jinja ilikuwa miongoni mwa ofisi sita za kwanza, na mfumo ukazinduliwa 2013. Mji wa Mbale ulifikiwa katika awamu iliyofuata. Faida kubwa, kuliko hata kasi, ni kwamba hati ileile sasa inaweza kuwa na faharasa kadhaa zilizopangwa: kwa juzuu, kwa ploti, kwa wakati na kwa jina.

Majina ya maeneo ndiyo funguo dhaifu zaidi. Mpumudde, kilima cha Jinja ambako Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro alifariki tarehe 6 Aprili 1923 akirejea kutoka uhamishoni Ushelisheli, ilikuja kuwa divisheni ya manispaa. Jinja na Mbale zilipofanywa majiji tarehe 1 Julai 2020, Jinja iligawanywa upya kuwa divisheni mbili, na Mpumudde haikuwa tena divisheni. Ufunguo unaoanza na jina la divisheni huvunjika siku kama hiyo, lakini juzuu na folio hubaki.

Kuna ardhi ambayo hakuna masafa yoyote ya masijala yanayoifikia. Sehemu kubwa ya ardhi ya Busoga hushikwa kwa mila, na pengo kati ya nambari mbili si shamba tupu. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliruhusu cheti cha umiliki wa kimila, kinachotunzwa na mwandishi wa kumbukumbu katika kaunti ndogo, kwenye daftari tofauti lenye nambari zake. Anayetaka kuona ardhi yote ya kijiji kimoja hulazimika kupitia madaftari yote mawili na kuyaoanisha kwa mipaka.