Mbuga ya Nairobi na Upande Wake Usio na Ua

Ukishika Barabara ya Lang'ata kutoka katikati ya Nairobi, kilomita saba hivi tu zakufikisha kwenye Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Ndani mna simba, chui, nyati, twiga, na vifaru weusi wanaolindwa usiku na mchana. Wageni wengi huja kupiga picha ya twiga huku maghorofa ya jiji yakionekana nyuma yake. Picha ni nzuri, lakini imetufundisha kuitazama mbuga tukielekea kaskazini, kwenye jiji. Uhai wake umetoka kusini siku zote, na huko ndiko historia yake inakosomeka.

Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwaka 1899, nyanda za Athi zilikuwa malisho ya Wamaasai. Ng'ombe, nyumbu na pundamilia walikula nyasi pamoja, na simba walikuwa jirani wa kila siku wa mfugaji. Kisha ikaja mikataba ya 1904 na 1911. Wamaasai wakaondolewa Bonde la Ufa, wakaondolewa Laikipia pia, wakasukumwa kusini ili mashamba yawe ya walowezi. Ardhi iliyo mbuga leo iliwekwa ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Kusini. Humo uwindaji ulikatazwa, lakini mifugo ililishwa, taka zilitupwa, na ndege za kivita za Uingereza zilifanya mazoezi ya kudondosha mabomu.

Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi, alirudi nyumbani mwaka 1932 baada ya miaka tisa ng'ambo, akawakuta wanyama wamepungua mno. Alipigania mbuga kwa miaka mingi, na mbinu yake moja bado inasimuliwa: alipeleka gazetini barua yenye jina la kubuni, akidai wanyama wote wauawe kwa kuwa wanawasumbua wakulima. Watu waliwaka kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo aliyoitaka. Desemba 1946 mbuga ikafunguliwa, ya kwanza nchini Kenya, yenye kilomita za mraba 117.

Wamaasai waliokuwa wakilisha humo walitolewa. Jambo hili kwa kawaida hupewa sentensi moja halafu msimulizi anaendelea na simba. Mimi naliona ndilo kiini. Waliochora mipaka waliamini kwamba ili mnyama apone, mfugaji lazima aondoke, ingawa wanyama waliokuwa wakiokolewa walikuwa wamedumu miaka yote hiyo katikati ya ng'ombe wake. Tena kipande kilichotengwa kilikuwa kidogo mno. Nyumbu na pundamilia huja mbugani wakati wa kiangazi kwa sababu mna mabwawa na mito yenye maji. Mvua ikinyesha, hutoka kuelekea nyanda za Kitengela na Kaputiei, ambako nyasi ni fupi na zenye lishe. Kwa sababu hiyo ua ulijengwa upande wa jiji, na kusini mpaka ukaachwa uwe Mto Mbagathi, ambao mnyama huuvuka apendavyo.

Hivyo mbuga iliyoanza kwa kumtoa mfugaji ikabaki ikitegemea ardhi yake. Na ardhi hiyo ilibadilika. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hati yake, na wanunuzi kutoka mjini wakaja. Palipopita nyumbu pakawa ploti, machimbo ya mawe, nyumba za mabati na kuta. Misafara ya nyumbu, iliyokuwa ya maelfu kwa maelfu, ikapungua sana. Simba waliendelea kuvuka mto usiku. Juni 2012, baada ya mbuzi kuliwa, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita kwa mikuki. Nilihuzunika kwa ajili ya simba, na nilihuzunika pia kwa ajili ya familia ambayo mali yake yote ililala kwenye zizi lile.

Dunia inaijua mbuga hii kwa mioto yake. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma humu tani 12 za pembe za ndovu, na Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Inaijua pia kwa reli ya SGR, inayopita juu ya nguzo ndefu katikati ya nyika tangu 2019, baada ya kesi na maandamano. Kamera zilifika kote huko. Hazikufika kwa mfugaji wa Kitengela aliyekubali, chini ya mpango ulioanza mwaka 2000, kulipwa dola nne kwa ekari kwa mwaka asijenge ua wala kuuza ardhi. Malipo hayo hayakuweza kushindana na bei ya ploti, na aliyeyakubali alichangia kuliko yeyote anayelipa kiingilio langoni.

Rasimu ya mpango wa usimamizi wa 2020 hadi 2030 ilipopendekeza ua upande wa kusini, wahifadhi na wenye ardhi walipinga. Ua ungeokoa mbuzi wengi, hilo sikatai. Lakini ungewafungia nyumbu ndani ya kilomita za mraba 117 wakati wa mvua, hali malisho yao yako ng'ambo ya mto. Fedha za kujenga na kutunza ua huo zingetosha kuanzia mazungumzo mapya ya kukodi ardhi na wenye hati za Kitengela, kwa bei ambayo mtu mwenye watoto shuleni anaweza kuikubali.