Kamba Iliyochongwa Mtini

Mti uliokerezwa hupambwa kwa shanga na kamba. Shanga ni zile duara zilizopangana kwenye tendegu la kitanda au mguu wa kiti. Kamba ni msokoto unaopanda ukizunguka, utadhani fundi aliusokota mti ungali mbichi. Ziko bega kwa bega, lakini mama zao ni wawili: shanga imezaliwa na keezo, kamba imezaliwa na mkono. Ilichukua karne nyingi kwa keezo kujifunza kazi ya mkono.

Keezo, chombo kinachozungusha mti ili ukatwe, ni cha kale. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, la kiasi cha mwaka 300 KK, wamechorwa mafundi wawili: mmoja anavuta ukanda huku na huku ili mti uzunguke, mwenzake ameshika patasi. Mti ukizunguka na chuma kikatulia mahali pamoja, kinachopatikana ni pete. Fundi hukata mifuo miwili kwa ncha ya patasi, kisha huviringisha makali yake kutoka kileleni hadi bondeni, kulia na kushoto, na tayari ana shanga. Wagiriki waliupenda mpangilio wa shanga hata wakauchonga kwenye mawe ya hekalu la Erechtheion, Athens, katika karne ya 5 KK.

Kwa kamba, keezo husimama. Chukua mti wenye upana wa milimita 50. Fundi huupigia mistari minne ya urefu, halafu pete za penseli kila baada ya milimita 25. Anaanzia kwenye mstari mmoja, na kila akivuka kwenda mstari wa pili anapanda pete moja. Akimaliza mzunguko amepanda milimita 100. Akitaka kamba ya nyuzi mbili, huanza safari nyingine upande wa pili wa mti. Ndipo msumeno unafuata alama za mabonde, ukiwa umefungiwa kibao cha kuuzuia usizame kupita kiasi. Baada yake huja bobari (patasi ya kuchimba mabonde), tupa na mwisho ukanda wa msasa unaovutwa bondeni kama anayepiga kiatu rangi. Ugumu uko hapa: upande mmoja wa bonde chuma huteremka pamoja na nyuzi za mti, upande wa pili kikienda vivyo hivyo kinazinyanyua na kuzichana. Basi fundi hugeuza mkono kila ukuta. Na kama anatengeneza miguu miwili ya mbele, mmoja ausokote kulia na mwingine kushoto, ielekeane. Mimi kiti ambacho miguu yake yote imesokotwa upande mmoja nakihesabu kuwa kazi ya haraka.

Ulaya iliingiwa na mapenzi ya msokoto katika karne ya 17. Mchongaji Bernini alisimamisha nguzo nne za shaba zilizosokotwa juu ya altare ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, kazi iliyokamilika katika miaka ya 1630. Wareno waliupenda msokoto kwenye vitanda na meza. Mwaka 1662 binti mfalme wao, Catherine wa Braganza, aliolewa na Charles II wa Uingereza, na Bombay ikawa sehemu ya mahari. Enzi hizo viti vya Kiingereza vilijaa kamba.

Wakati huohuo mafundi wa pwani ya Coromandel, India, walikuwa wakichonga viti vya mpingo vyenye vijiti vilivyosokotwa, na merikebu zikivipeleka Ulaya. Karne moja baadaye asili yake ilikuwa imesahaulika. Mwandishi Horace Walpole alivinunua kwa ajili ya nyumba yake ya Strawberry Hill akiamini ni vya zama za wafalme wa Tudor. Jasho la Mhindi likaandikwa urithi wa Mwingereza, na naona ni haki kulitaja kila habari hii inaposimuliwa.

Bahari ya Hindi nayo ilileta huku kwetu vitanda vya Kihindi vyenye matendegu ya shanga na pete, vikapangwa katika nyumba za Unguja na Lamu.

Tukirudi kwa keezo lenyewe: mwaka 1701 mtawa Mfaransa Charles Plumier, ambaye jina lake limebaki kwenye maua ya Plumeria, alichapisha huko Lyon kitabu kizima cha ukerezaji. Kiasi cha mwaka 1800, fundi mitambo Henry Maudslay wa London aliunganisha chuma cha kukatia na mzunguko wa keezo kwa magurudumu ya meno: kazi ikizunguka, chuma nacho kinatembea kwa kipimo. Alikuwa akitafuta skrubu za chuma, lakini skrubu na kamba ni ndugu. Keezo likawa na njia bora ya kuzaa kamba, na katika miaka ya 1920 meza za mwaloni zenye miguu ya msokoto zilijaa nyumba za kawaida za Uingereza.

Ukiona samani ya zamani yenye kamba, pitisha kidole gumba bondeni, taratibu, kutoka chini hadi juu. Kina kikibadilika kidogo, ukuta mmoja ukawa umesimama kuliko wa pili, hapo pamepita bobari. Tafadhali usiipeleke kwenye mashine ya msasa. Ifute kwa kitambaa na mafuta, uiache ilivyo.