Waliosimama Masasi: miaka 150 ya msafara uliotoka Lindi

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 150 tangu Askofu Edward Steere ashuke Lindi na msafara wa watu zaidi ya 50, wake kwa waume, wote walioachiwa huru kutoka utumwani. Jina la Steere litatajwa sana makanisani, na anastahili. Makala haya yanawahusu zaidi wale aliofuatana nao.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873. Biashara ikahamia nchi kavu, watu wakaswagwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, mpaka Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, alipoipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Waliookolewa na manowari za Waingereza baharini walikabidhiwa Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja: wavulana Kiungani, watu wazima Mbweni. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, watu wa bara lililo nyuma ya Lindi na Kilwa.

Steere alikuwa amesomea sheria na alijua kazi ya uchapaji. Kiswahili alikipata kwa kukaa na Waswahili na kuwasikiliza. Hadithi walizomsimulia Unguja alizichapisha mwaka 1870. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Aliporudi pwani alikuwa na mpango tayari: watu wa Mbweni warudishwe kwao bara, waanzishe kijiji cha Kikristo upande wa Ziwa Nyasa.

Basi mwishoni mwa 1876 wakaondoka Lindi na kulifuata bonde la Lukuledi. Leo njia hiyo ni ya lami, na basi linapita Mtama, Nyangao na Ndanda abiria wakisinzia. Wakati ule kila kitu kilibebwa kichwani, pamoja na majora ya nguo na shanga za kununulia chakula vijijini. Tena waliokuwa wakiipanda njia hiyo ni watu ambao wenzao waliiteremka wamefungwa shingo.

Walipofika Masasi, chini ya majabali makubwa, msafara ukasimama. Historia ya misheni iliyoandikwa na A.E.M. Anderson-Morshead inalieleza jambo hili kwa maneno machache, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Wale watu walisema hawaendelei. Ardhi ilikuwa nzuri, na walijiona wamekwisha kukaribia kwao. Hebu wafikirie: tangu siku walipotekwa, kila hatua ya maisha yao iliamuliwa na mwingine, awe mteka watu, nahodha, ofisa wa manowari au padri. Hapo Masasi, kwa mara ya kwanza, waliamua wao wapi walale na wapi walime. Askofu akakubali. Mpango uliofikiriwa Unguja ukawekwa kando, viwanja vikagawanywa, miti ikakatwa.

Steere aliporudi pwani alimwacha William Percival Johnson awaangalie. Johnson alikuwa kijana wa miaka 22, ametoka Oxford, ameingia Afrika mwaka uleule. Alikabidhiwa kijiji kizima cha watu waliojua kilimo, njaa na vita kuliko yeye. Nani alimlea nani? Mimi sina shaka. Johnson hakurudi kwao na ripoti baada ya msimu mmoja. Alijifunza lugha za watu, akaenda mbele hadi ziwani, akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, na akaendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1928. Amezikwa Liuli. Vijana wa ng'ambo wanaokuja siku hizi kujitolea kwa majuma machache wangefaidika kumsoma.

Kijiji kilipata misukosuko. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia, wakachoma nyumba na kuchukua mateka; mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa mtawala Matola. Misheni nyingine za kusini nazo hazikusalimika: mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilimkuta Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake wanne njiani kutoka Kilwa, wakauawa huko Liwale. Misheni yao ya Nyangao ikachomwa.

Katikati ya miaka hiyo yupo Cecil Majaliwa. Alitekwa mtoto, akalelewa Kiungani, akasomeshwa Uingereza, na mwaka 1886 akatumwa Chitangali, kwa Wayao wenzake. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Mtawala wa huko, Nakaam, akabatizwa, akaitwa Barnaba. Kanisa la Chitangali lilistawi kwa miaka kumi na moja chini ya padri aliyejua kwa nafsi yake maana ya kuporwa kwao. Mwaka 1897 alirudi Unguja, na ilichukua miaka mingi kabla Mwafrika mwingine hajaaminiwa kiasi kile. Huo ulikuwa udhaifu wa misheni, na unapaswa kusemwa wazi mwaka huu.

Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926 chini ya Vincent Lucas, aliyeingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga vita. Trevor Huddleston aliiongoza kuanzia 1960 hadi 1968, kisha uaskofu ukashikwa na wananchi.

Nyaraka za misheni zipo, nyingine Oxford na nyingine katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Dayosisi na halmashauri za Lindi na Masasi zimtume mwanahistoria mmoja akayatafute majina ya wale watu, mwanamke kwa mwanamume, yaandikwe kwenye kibao pale Lindi walipoanzia safari.