Mlango wa Lukuga: Pwani ya Kalemie na Watazamaji Wake

Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa ufukweni unaofikiwa na watalii wachache sana, ingawa vitabu vilivyoandikwa Ulaya juu ya mto wake, vita vyake na meli zilizopigana mbele yake vingeweza kujaza kabati zima. Neno kivutio, kwa maana ya mahali au kitu ambacho watu hufunga safari ili wakione, humkumbusha msomaji mbuga za wanyama, mahame ya kale au fukwe zenye hoteli. Vitu vilivyowavuta wageni Kalemie vilikuwa vya namna nyingine, na historia yake ina jambo moja gumu kulikwepa: vingi kati ya hivyo vilichukuliwa vikaenda kuonyeshwa kwingine, na huko nyumbani kikabaki kile kisichobebeka.

Kisichobebeka kuliko vyote ni mto. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, hupokea mito mingi, kama vile Malagarasi upande wa Tanzania na Ruzizi upande wa kaskazini, lakini lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, unaoanzia kando ya Kalemie na kuelekea magharibi hadi kuungana na Lualaba, yaani mto Kongo kabla haujaitwa Kongo. Jambo hilo, ambalo leo mtoto wa shule hujifunza kwa dakika chache, liliwasumbua wanajiografia wa Ulaya kwa miaka mingi, kwa sababu ziwa lisilo na mlango lingepaswa kuwa na maji ya chumvi, ilhali maji ya Tanganyika hunyweka.

Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa akizunguka ziwa kwa mashua kutoka Ujiji, alifika kwenye mlango huo mwezi Mei 1874, akaingia ndani kidogo kisha akazuiwa na majani yaliyoelea yakiwa yameshikana kama mkeka. Chifu mmoja wa hapo alimweleza kwamba watu wake walizoea kusafiri kando ya mto huo kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpaka mahali unapoingia Lualaba. Ingedhaniwa kwamba maneno ya mtu ambaye watu wake walikuwa wakiitembea njia hiyo yangetosha kufunga mjadala. Hayakutosha. Henry Morton Stanley alikuja mwaka 1876 kukagua, akakuta mafunjo na tope vimeziba mkondo, akatoa hukumu kwamba Lukuga bado haujawa mto unaotoka ziwani, bali utakuwa hivyo maji yatakapozidi kupanda.

Ziwa lilikuwa likipanda kweli. Miaka michache baadaye kizibo kilisombwa, na mwishoni mwa mwaka 1879 kijana wa Uskoti aitwaye Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, aliukuta mkondo ukienda magharibi kwa nguvu. Thomson alikuwa amerithi uongozi wa msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London baada ya kiongozi wake, Keith Johnston, kufariki huko Behobeho, kusini mwa Tanzania ya leo, na njia yake iliongozwa na Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Tangu hapo kiwango cha ziwa kilishuka kwa mita kadhaa, na ndiyo maana huko Ujiji mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871 uko mbali na maji, ingawa bandari ya wakati ule ilikuwa jirani na hapo.

Thomson alizaliwa Penpont, kijiji cha eneo la Dumfries na Galloway, ambalo ni pwani ya mashamba, mifugo na miji midogo upande wa kusini-magharibi mwa Uskoti. Pwani za namna hiyo zimejifunza kuishi kwa kumbukumbu: nyumba alimozaliwa mtu maarufu, kanisa lililobomoka na mnara wa taa huwekewa kibao na njia ya miguu, na mgeni akalipia chai. Thomson mwenyewe ana sanamu yake katika mji wa Thornhill, karibu na kijiji chake. Chifu aliyemweleza Cameron mkondo wa Lukuga hana sanamu.

Mlango huo wa maji ulikuwa pia mlango wa biashara. Mtoa, kaskazini kidogo mwa Lukuga, palikuwa mahali ambapo mitumbwi na majahazi kutoka Ujiji yalishusha misafara ya pembe na watumwa iliyokwenda na kurudi nchi ya Manyema, na wamisionari wa London Missionary Society walifungua kituo hapo mwaka 1879 wakitaka kukaa njiani humo. Baada yao walikuja Wabelgiji. Mwaka 1883 Émile Storms, ofisa wa Chama cha Kimataifa cha Afrika kilichoundwa na Mfalme Léopold wa Pili, alijenga boma huko Mpala, kusini mwa Kalemie, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, yaani shirika la wamisionari lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, ambao waligeuza boma kuwa misheni na shule. Katika shule za misheni hiyo alipita Stefano Kaoze, ambaye mwaka 1917 alipata upadrisho huko Baudouinville, Moba ya leo, akawa padri Mkongo wa kwanza wa zama hizi.

Mpala hubeba pia habari ambayo viongozi wa watalii wangeisimulia kwa sauti ya chini. Mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia Lusinga, chifu wa Watabwa aliyepinga mamlaka yake, wakamwua na kumkata kichwa. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu hilo pamoja na mchongo wa mbao wa ukoo wa chifu huyo. Mchongo uliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, ambako umetazamwa na vizazi vya wageni kama kazi bora ya sanaa ya Watabwa. Fuvu liliwekwa katika hazina za taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Sanamu ya Storms, iliyosimama katika bustani moja ya jiji hilo, iliondolewa mwaka 2022.

Jina la Albertville, ambalo mji wa Kalemie uliitwa hadi baada ya uhuru, lilitoka kwenye ngome iliyojengwa mwisho wa mwaka 1891 na Kapteni Jacques, aliyetumwa na jumuiya ya Kibelgiji ya kupinga utumwa, akaipa jina la Mwanamfalme Albert. Ngome hiyo, ambayo haikuwa mahali pale pale ulipo mji wa leo, ilizingirwa na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, ikanusurika. Kalemie lenyewe ni jina la kijito kinachoingia ziwani hapo.

Tukio lililoitangaza pwani hii duniani lilikuja na vita vya kwanza vya dunia. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia bandari ya Lukuga na kuiharibu meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune, na kuanzia siku hiyo Wajerumani walitawala ziwa lote. Uingereza ilijibu kwa namna iliyoonekana ya kichaa hata wakati huo: mashua mbili za injini, kila moja ya urefu wa mita 12 hivi, zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa reli hadi Fungurume huko Katanga, kisha zikakokotwa porini na kuvushwa milima kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya mamia ya vibarua, zikaelea Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, na mwishowe zikaletwa ziwani kwa reli mpya. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa amependekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa, akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa mzaha wa Kifaransa ni karibu yale yale. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu akiona meli ya kivita inayojitambulisha kwa kusema mimi.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo zilitoka bandari ya Kalemie na kuiteka Kingani ya Wajerumani, huku askari na wenyeji wakitazama kutoka kwenye vilima vya ufukweni. Kingani ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 ilikuwa zamu ya Hedwig von Wissmann, iliyozama. Meli kubwa zaidi, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma.

Meli hiyo ndiyo iliyopata umaarufu wote. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi wageni kutoka Ulaya wamefika Kigoma kwa ajili ya kupanda meli ya Kaiser. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambayo ilipata mawazo yake katika vita hivi, ilizaa sinema ya mwaka 1951, iliyopigwa picha sehemu nyingine za Kongo na Uganda, wala si ziwani Tanganyika. Kwa watu wa pwani ya Kongo Liemba ina kumbukumbu tofauti: mwaka 1997 ilitumiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuwarudisha makwao Wakongo waliokimbilia Tanzania.

Reli iliyozileta Mimi na Toutou haikuweza kuondoka. Ilifika Albertville kutoka Kabalo mwaka 1915, kilomita 273, chini ya kampuni ya Reli ya Maziwa Makuu, ikifuata bonde la Lukuga, yaani njia ile ile ya mwendo wa mwezi ambayo chifu alikuwa amemweleza Cameron. Kwa reli hiyo abiria wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliweza kushuka ufukweni na kupanda meli ya kwenda Kigoma, na kwa reli hiyo hiyo mji ulipata kiwanda cha nguo cha Filtisaf na mgodi wa makaa ya mawe wa Greinerville, mahali paitwapo leo Makala, jina ambalo kwa Kiswahili cha Kongo ndilo neno la makaa. Vita vya 1964, vilivyomwua mjini humo Jason Sendwe, rais wa jimbo la Katanga Kaskazini, na vile vilivyofuata miaka ya 1990, viliifunga milango ya wageni kwa vipindi virefu.

Upande wa kaskazini wa mji uko mlima Kabobo, ambao msitu wake ulikuwa maarufu kwa wanasayansi tangu mwaka 1955, ndege mdogo asiyepatikana kwingine alipoelezwa na Alexandre Prigogine. Mwaka 2016 jimbo lilitangaza hapo hifadhi ya karibu kilomita za mraba 1,500, yenye sokwe.

Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda tena, maji yakaingia katika nyumba na barabara za Kalemie, Uvira na Bujumbura, na nchi nne zinazopakana na Tanganyika zikarudi kujadili ni kiasi gani cha maji kinachoweza kutoka kupitia Lukuga, na kama tope na majani ya mlangoni yanakizuia.